Ufunguo wa Pili wa Darubini

Charlotte alikwenda kwa Prof Sylvestre na kiti chake mwenyewe kichwani. Si kwamba kwa Prof viti vilikosekana, hapana. Alitaka kuketi mahali anapotaka yeye, mgongo ukutani, karibu na mlango, ili nyuso za wale wanaume watatu azione zote bila kugeuza shingo. Prof akamtania kwamba kesho atakuja na cherehani pia, Rénovat akacheka, na Charlotte naye akacheka kidogo kwa adabu. Moyoni alikuwa anawahesabu mmoja mmoja.

Maana kati ya hao watatu mwizi alikuwemo. Hilo alilijua kama anavyojua jina lake. Asichojua ni yupi.

Mtaa mzima wa Songo, hapo Uvira, uliwaita watu wa nyota. Zamani walikuwa watano, wakikutana kwenye baraza ya Prof, kule juu mlimani ambako unaliona ziwa lote mpaka milima ya Burundi, na kuangalia mbingu kwa darubini moja waliyoachiwa na mzungu mpimaji wa maji mkataba wake ulipokwisha. Sasa mwanafunzi wa zamani wa Prof, aliyehamia Ubelgiji, alikuwa amewaahidi darubini mpya. Aliomba kitu kimoja tu: waandike kumbukumbu zao za ile ya kwanza, wenzake wa huko wajue wanampelekea nani. Prof alifundisha fizikia miaka thelathini, na mtu wa namna hiyo akipata sababu ya kuandika humzuii. Alinunua kaye mpya, yaani daftari, akawaita Jumapili baada ya misa.

"Tunaandika yote," alisema, kalamu ya bic tayari mkononi. "Kila muntu anasema yake, minye naandika."

Yote, eti!

Yote ilikuwa hivi. Mwezi wa saba wa mwaka 2018, asubuhi iliyofuata usiku wa kupatwa kwa mwezi, Prof alifungua chumba cha nyuma akakuta darubini haimo. Kufuli halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa ufunguo, likafungwa tena vizuri, kwa heshima zote. Na funguo zilikuwa mbili tu: mmoja wa Prof, wa pili wa Patient, mdogo wake Charlotte, kijana mvuvi aliyekuwa na kazi ya kuibeba ile mashine kuitoa na kuirudisha. Sasa fanya hesabu mwenyewe. Mtaa uliifanya kabla ya saa sita mchana. Wengine wakasema ameiuza kwa wanajeshi, wengine wakasema ameivusha Bujumbura, vijana wakaja mlangoni na mawe. Patient aliapa mpaka sauti ikakauka. Siku ya tatu akatia nguo zake ndani ya mfuko, akaenda Kamanyola kulima kwenye mashamba ya watu, na tangu hapo hajakanyaga Uvira. Hata baba yao alipokufa hakuja. Alisema kwa simu kwamba yeye hawezi kubeba jeneza la baba yake huku watu wanachunga mifuko yao.

Ndiyo hiyo iliyokuwa inamla Charlotte miaka sita. Alitaka mdogo wake arudi nyumbani, apite njiani bila mtu kumnyooshea kidole. Na arudi mama bado yuko hai, maana mama naye alikuwa anazeeka haraka.

Kwa hiyo alishuku. Alishuku kwa bidii, kama kazi ya pili baada ya cherehani. Mwaka wa kwanza alimshuku Rénovat, fundi wa simu na redio, mtu wa kuja toka Runingu, baba wa mtoto anayeitwa Ishimwe. Si ndiye anayefungua kila kitu aone kimefanywaje? Charlotte alimpelekea simu nzima isiyo na ugonjwa wowote, apate tu kuchungulia droo zake, na humo akaona vioo viwili vya duara. Kumbe ni vioo vya miwani ya bibi mmoja wa Nyakabere! Mwaka wa pili akahamia kwa Prof, mwenye ufunguo wa kwanza: mbona yeye ndiye aliyetaja ufunguo wa pili kabla hajaulizwa? Akawa akimsalimia huku anamtazama vidole. Donatien alimweka mwisho kabisa. Donatien alikuwa mwenye mtumbwi ambao Patient alivulia, mtu mpole, kila Noeli anamletea mama samaki wanono na kukaa naye nusu saa. Na hakuwa na ufunguo. Asiye na ufunguo utamuuliza nini?

"Naanza minye," Prof akasema, akaandika huku anajisomea kwa sauti. Akakumbuka sanduku la katoni na karatasi ya maelezo iliyoandikwa Kijerumani, lugha ambayo Songo nzima hakuna anayeijua. Akakumbuka siku tatu za kuunganisha vyuma, na skrubu moja iliyobaki wasijue ni ya wapi. Skrubu hiyo bado anayo. Akaitoa mfukoni awaonyeshe, na Charlotte akaitazama vizuri sana, na kumtazama aliyeishika.

Rénovat akafuata, mikono hewani kama kawaida yake.

"Prof aliniambia, angalia, ile ni Saturne, na ile ni pete yake. Minye nikasema, apana, huyu muzee iko anatucheza. Amebandika picha ndani ya bomba! Nikaweka mukono mbele, Saturne ikapotea. Nikatoa mukono, ikarudi. Nikaweka tena, ikapotea. Watu wote wako nyuma wanangoja, na minye niko nafunika na kufunua, nafunika na kufunua."

"Robo saa nzima!" Donatien akasema, na wote wakacheka, hata Charlotte, kicheko cha kweli kilichomtoka bila ruhusa. Ah, aliipenda ile mashine. Aliipenda kuliko alivyotaka kukiri mbele ya hao watu. Alikumbuka Patient akipanda nayo begani pole pole, anamkemea kila mtu apishe njia, na jinsi alivyokataa kulala ile siku walipoona miezi minne ya Jupiter. Akajikuta anafuta macho. Akajikasirikia, kwa sababu anayelia haoni vizuri.

"Charlotte," Prof akaita. "Zamu yako."

"Andika hivi," akasema. "Ilikuwa na funguo mbili, na mudogo wangu hakuiba."

Bic ya Prof ikabaki juu ya karatasi. Rénovat akaangalia viatu vyake. Kila mmoja alikuwa na lake la kusema juu ya jambo hilo, na kila mmoja alikuwa amechoka nalo.

"Mwanangu," Prof akasema kwa upole, "leo tunakumbuka mazuri. Hii barua inaenda mbali."

"Ulisema tunaandika yote."

"Nilisema, ndiyo, lakini..."

Hapo ndipo Donatien alipoingilia. Huyo ndiye Donatien: watu wakigombana, yeye anatafuta maneno ya kupoza. "Muache niseme yangu," akasema. "Minye nataka kusema juu ya ule usiku wa mwezi kupatwa. Nyinye mulikuwa hapa na mashini, lakini minye niliuona kwa ziwa. Tulikuwa tunavua. Taa zetu ziko ndani ya maji, ndagala ndiyo zinaanza kupanda, mara naona mwezi unakuliwa pole pole upande moja. Kisha ukakuwa mwekundu, na maji yote ikakuwa nyekundu sawa mafuta ya mawese. Minye nilivua kofia."

"Mazuri hayo!" Prof akasema, akaandika mbio. "Mafuta ya mawese. Mazuri sana."

Charlotte hakusikia mafuta ya mawese. Alikuwa amebaki nyuma, kwenye taa. Kitu fulani kilimkwaruza, akakitafuta, akakipata.

"Donatien," akauliza, sauti laini kabisa, sauti ya kumuuliza mteja anataka mikono mirefu au mifupi. "Mulitoka na taa ngapi?"

"Sita. Kama siku zote."

"Na ndagala zilikuja?"

"Kidogo. Si nyingi."

"Na mwezi ulikuwa namna gani, mbele haujaanza kukuliwa?"

Mvuvi ni mvuvi. Swali Donatien alilielewa kabla halijaisha.

"Prof," Charlotte akasema bila kumwondolea Donatien macho, "ulitufundisha nini? Mwezi unaweza kupatwa kama si mukubwa, kama si wa duara nzima?"

"Haiwezekani. Mpaka dunia iingie katikati ya..." Prof akatupa macho ziwani. Naye alizaliwa kando ya ziwa hilo, tena mtoto wa mvuvi. Akaweka bic chini taratibu.

Kila mtoto wa Uvira anajua. Ndagala, yaani dagaa, hufuata mwanga, na taa hufanya kazi usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga unatapakaa ziwa lote, taa yako inakuwa bure, dagaa hawana sababu ya kukusanyika kwako. Siku hizo mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, wavuvi wanalala na wake zao na kugombana nao. Hakuna anayevua. Watu wa nyota walikuwa wanalijua hilo kuliko wote, maana kalenda yao na ya wavuvi ni moja, ya usiku wa giza, na miaka sita mizima hakuna aliyefikiri kumuuliza Donatien alikuwa wapi.

"Tulitoka wakati mwezi ulizimika," Donatien akasema. "Tukaona giza, tukasema tujaribu."

"Na nani? Patient alikuwa hapa. Junior wa mutumbwi wako alikuwa hapa. Ekipe yako yote ilikuwa hapa kwa hii baraza, minye mwenyewe niliwapa chai. Weye tu ndiye haukukuwa. Ulitoka na nani, Donatien?"

Rénovat akasogeza kiti chake mbali kidogo na cha Donatien, labda bila kujua. Charlotte alisimama. Alikuwa na hasira, na pia furaha mbaya ya mtu aliyekamata. "Miaka sita unakula kwa mama yangu," akasema. "Miaka sita unaingia ndani ya nyumba yetu na samaki! Uliiweka wapi?"

Donatien akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Hakuonekana kama mwizi. Alionekana kama mtu aliyebeba gunia toka mbali na sasa anaambiwa alitue.

"Nilimuapia mama yako," akasema.

"Muache mama yangu."

"Siwezi kumuacha, Charlotte. Ni yeye."

Akaeleza yote. Wiki mbili kabla ya usiku ule, wakati wa giza, Charlotte alimleta mama yake kwenye baraza jioni, jua halijazama, Prof alipokuwa anaijaribu darubini kuelekea ziwani. Mitumbwi ilikuwa inatoka. Mama akaweka jicho, akatafuta mtumbwi wa kijani wenye mstari mweupe, akauona. Aliuona umepinduka. Tumbo juu, Patient na wenzake vichwa chini, na ziwa lote liko juu yao. Hakusema kitu. Aliaga, akashuka nyumbani. Asubuhi, wavuvi walipotoka ziwani salama, alikwenda kwa Donatien.

"Akaniambia ile mashini imemuonyesha kifo ya mutoto wake," Donatien akasema. "Kwamba iko inaona siku yenye haijafika. Akasema ile jicho ikibaki pale juu, iko inaangalia mutumbwi kila jioni, itaisha kwa kumuita. Na mutumbwi ni yangu, Charlotte! Minye mwenyewe niko mule ndani. Mwaka ule ziwa ilikuwa imeshakula watu wane tunaowajua. Niliogopa, sikudanganyi. Ule usiku niliwangojea peke yangu ndani ya mutumbwi, mwezi niliuona kweli; nyinye mukienda kulala, mama akatoa ufunguo ya Patient kwa musumari nyuma ya mulango. Tukaifunga ndani ya kitenge yake. Nikapiga kasia mpaka mbali, nikaiachilia."

"Mana yanje, Mungu wangu!" Rénovat akaruka. "Lakini ile mashini inageuza vitu vyote!"

"Inageuza nini?"

"Vyote! Kichwa inakuwa chini, miguu juu. Ni vioo vyake, ndiyo iko namna hiyo."

Donatien akamgeukia Prof. Prof alikuwa ameshika paji la uso. Akasema ndiyo, ni kweli, ilikuwa inapindua kila kitu, ila kwa nyota haina shida. Nyota ni nukta. Mwezi ni duara. Nani ataiuliza nyota kichwa chako kiko wapi? Aliwaeleza wale wa mwanzo, kisha akaona hakuna haja ya kurudia. Na Donatien siku hiyo ya maelezo hakuwepo, tena hakuwahi kuielekeza popote isipokuwa juu.

"Inageuza," Donatien akasema tena, polepole. Kisha akainama, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Charlotte hakungoja. Alishuka mlima mbio mbio, kiti amekiacha, viatu vinamteleza kwenye changarawe. Njia nzima alipanga maneno. Maneno makali, ya kumwambia mama ambaye alimwacha mwanawe aitwe mwizi, akamtazama akifunga nguo, akamzika baba bila yeye, na akala samaki kila Noeli na yule anayejua. Wanawake wawili walimsalimia njiani asiwajibu. Mama gani anafanya hivyo? Aliuliza kwa sauti, peke yake, watu wakageuka.

Mama Patient alikuwa uani anachambua mboga za lengalenga, miguu ameinyoosha juu ya mkeka. Alimwona binti yake anavyohema, akaacha mikono itulie.

"Donatien amesema," Charlotte akasema.

Mama hakuuliza amesema nini. Alichukua jani moja, akalikata, akalitia kwenye beseni. "Ni muzuri," akasema. "Ilikuwa inamuchosha sana."

"Ilikuwa inamuchosha yeye? Na Patient je? Walikuja na mawe, mama! Ulikuwa umesimama hapa!"

"Nilikuwa nimesimama hapa. Nilikuwa nimeshafungua kinywa niseme." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina haraka. "Halafu akasema anaenda Kamanyola kulima. Nikafikiri, kule hakuna ziwa. Minye natafuta namna ya kumutoa ndani ya maji, na watu hawa wako wananisaidia. Nikafunga kinywa. Mutoto wa kuitwa mwizi, siku moja nitamuona tena. Wa kukuliwa na ziwa, nitamuona wapi?"

Charlotte akayaacha yale maneno yote makali ya njiani. Akapiga magoti kwenye mkeka, karibu na beseni.

"Mama. Ile mashini ilikuwa inageuza vitu. Haikuonyesha kifo. Kila kitu ilikuwa inapinduka ndani yake, ndiyo namna yake. Milima ya Burundi ilikuwa kichwa chini. Mitumbwi yote siku ile ilikuwa imepinduka, si ule tu."

"Yote?"

"Yote. Iliyokuwa kushoto, iliyokuwa kuume. Hata ndege. Haukuona ile mingine?"

Mama alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, macho yake yamekazia ukuta, kama anairudia ile jioni na kutafuta mitumbwi mingine ndani yake.

"Ile mingine sikuiangalia," akasema. "Minye niliangalia ule wa mutoto wangu tu."

Charlotte akamshika mikono, yenye unyevu na kijani cha majani. Hasira haikuwepo tena, na kilichokuja mahali pake kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu mama alikuwa ameanza kumtazama, na swali alikuwa analiona linakuja.

"Weye ulijua inageuza?"

"Nilijua."

"Ile jioni, uliponishika mukono kunipandisha pale juu. Ulikuwa unajua?"

"Tangu siku ya kwanza, mama. Tulikuwa tunachekelea. Nilikuwa na furaha sana uone, nikasahau kukuambia."

Mama Patient hakumkemea. Alitikisa kichwa mara moja, akarudisha mikono yake kwenye lengalenga, lakini haikukata kitu. Charlotte akabaki hapo amepiga magoti. Miaka sita alikuwa amemtazama kila mtu vidole. Akajifuta viganja kwenye kitenge, akatoa simu. Kamanyola mtandao ulikuwa mbaya, akapiga mara ya pili, ya tatu, mpaka Patient akaitika, nyuma yake sauti za watu wa shambani.

"Patient," akasema, "toka pembeni, ukae chini. Nataka nikuambie nilichokufanyia."